Tisa Nyingine Kabla ya Kumi

Zuhura mwanangu,

Begi lako nimelipima kwenye mzani wa karoti. Lilikuwa kilo ishirini na moja. Nimetoa sufuria moja, maana huko Kasulu unakokwenda kufundisha nako wanauza sufuria, nikaweka blanketi la pili, nikapima tena. Kumi na tisa kamili. Utalibeba mwenyewe bila kumtazama mtu usoni umwombe msaada, na mimi kwenye begi sitafuti zaidi ya hapo.

Sasa hivi alasiri imepita. Wewe umekwenda Mlola kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia mpaka akulishe mara mbili, kwa hiyo nina kama saa tatu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala wanaume. Kama hayo hujayajua mpaka leo, karatasi haitakusaidia. Ninaandika jambo jingine, ambalo nimelibeba miaka kumi na minne, na ninaliandika kwa sababu kulisema siwezi. Mimi na wewe kuongea hatujui.

Usinibishie. Jana wakati wa chakula ulisema maneno kumi na moja. "Ndiyo mama." "Nimeshiba." "Basi linaondoka saa kumi na moja." "Lala salama." Yahesabu mwenyewe.

Halafu juzi nilikuwa nateremka kijitoni na beseni, sijatokeza bado kwenye migomba, nikasikia mtu anasimulia. Ulikuwa wewe na Asha mnaosha karoti, na mabinti wengine wawili wa kule chini. Ulikuwa unasimulia ulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, jinsi ulivyowaambia watoto wa awali kila mmoja alete kitu ambacho jina lake linaanza kwa "k", wakaleta kijiti na kamba na kalamu, na mmoja akaja na kuku mzima kamfunga miguu, na yule kuku akafunguka akakimbilia ofisini, akataga chini ya meza ya mwalimu mkuu. Ulikuwa kuku. Ulikuwa mtoto. Ulikuwa mwalimu mkuu anainua miguu juu ya kiti. Asha alicheka mpaka karoti zake mbili zikachukuliwa na maji. Mimi nilisimama nyuma ya mgomba na beseni langu kichwani, nacheka bila sauti, na beseni linatikisika.

Nikatokeza.

"Shikamoo mama."

Basi. Kuku akaishia hapo. Mpaka leo sijui yai lile alilichukua nani.

Niliumia, sikufichi. Nimekulea peke yangu miaka ishirini na miwili, halafu kuku wako unawapa watu wengine. Lakini nilipofika nyumbani nikajiuliza, kama ninavyojiuliza gunia likipungua uzito: limepungulia wapi? Na hilo jibu ninalo. Nimekuwa nalo tangu ulipokuwa darasa la pili. Sikiliza basi, au soma, hayo yote kwako ni mamoja.

Mwaka ule siku ya soko nilikuwa nimekaa na mafungu yangu, akaja mwalimu wako, Mwalimu Salome. Akanunua mafungu mawili, halafu badala ya kuondoka akasimama anacheka peke yake.

"Mama Zuhura, yule mtoto wako! Jana kanichekesha mpaka nikatoka nje."

"Mtoto yupi, mwalimu?"

"Zuhura."

"Zuhura yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Mmoja. Na huyo mmoja haongei."

Mwalimu akaweka kikapu chini. "Haongei? Mama Zuhura, mimi nina watoto themanini na wawili mle ndani. Yeye ndiye kiranja wangu. Akisimama yeye, mimi napata kukaa."

Nilimwongeza karoti tatu ili aondoke. Niliona ananichanganya na mtu mwingine. Zuhura niliyemjua mimi alikuwa anaamka bila kuitwa, anaamkia, anakwenda bombani, anarudi, anaosha vyombo, anakaa. Ukimuuliza anajibu. Usipomuuliza unaweza kusahau kwamba nyumba ina mtu. Wanawake wenzangu walikuwa wananionea wivu. "Mwenzetu una bahati, mtoto mpole hivyo." Na mimi nilijisifu kwamba ni malezi.

Malezi yangu yalikuwa kuhesabu. Wewe unayakumbuka vizuri, lakini sidhani kama nimewahi kukuambia yalikotoka. Baba yako alikwenda Tanga kutafuta kazi, akapata kazi na mke kwa mkupuo mmoja. Kaka zangu waligawana shamba la marehemu baba, wao wakachukua bondeni penye maji, mimi wakanipa mgongo wa mlima. "Mwanamke na mtoto mmoja, panakutosha," wakasema. Palikuwa na mawe mengi kuliko udongo. Niliyatoa kwa mikono, mawe hayo, ndiyo ule ukuta unaokalia ukiongea na simu. Nikapanda karoti. Fuso la kwenda Mombo lilikuwa linasimama pale barabarani mara tatu kwa wiki, na dereva alikuwa na honi tatu. Ya kwanza anafika, ya pili anapakia, ya tatu ameondoka. Siku moja aliniacha na viroba kumi na kimoja, vimeshaoshwa. Karoti ikishaoshwa haingoji mtu. Kesho yake inaanza kuwa nyeusi, keshokutwa unawapa ng'ombe wa jirani. Nilikaa juu ya vile viroba nikalia, wewe ukiwa mgongoni. Kuanzia siku ile nikaanza kuhesabu. Nilijihesabia mwenyewe kwanza, nikienda kijitoni, nikirudi. Ulipopata miguu nikakuhesabia na wewe. "Nahesabu mpaka kumi, nikute vyombo vimeoshwa." Ulikuwa unamaliza kwenye saba. Na mimi, ikifika kumi, sikuwahi kukupiga, nataka uliandike hilo upande wangu. Lakini hukuwahi kuiacha ifike, kwa hiyo hata mimi sijui ningefanya nini. Hilo swali lilianza kunisumbua baadaye sana.

Basi niliporudi kutoka sokoni nikakuuliza. Ulikuwa unamenya viazi.

"Shuleni unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unaongea?"

"Hapana mama."

"Unachekesha watu?"

Ukanitazama. "Hapana mama."

Hesabu ikakataa. Ama mwalimu ni mwongo, ama mtoto ni mwongo, na mimi hesabu ikikataa silali. Ijumaa ilikuwa siku ya kila mwanafunzi kupeleka kidebe cha samadi kwenye bustani ya shule. Nikakuambia tangulia, kidebe chako nitakileta mwenyewe. Ungepaswa kushtuka, maana sijawahi kukubebea hata daftari. Ukasema "ndiyo mama" ukaondoka.

Nilimwaga samadi, nikazunguka nyuma ya darasa la pili. Lile dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Mwalimu hakuwemo, nadhani alikuwa ameitwa ofisini. Na mbele ya ubao nikajiona mimi.

Sitanii. Ulikuwa umevua sweta la shule umelifunga kichwani kama ninavyofunga kilemba nikienda shamba, fundo mbele. Mkono mmoja kiunoni. Ulikuwa unatembea kama mimi, hata ule mguu wangu wa kushoto ninaouburuta kidogo tangu jiwe liniangukie, ulikuwa unauburuta. Na sauti, Zuhura! "Nahesabu mpaka kumi! Nikifika kumi nikute kila mtu ametoa daftari! Fuso halimngoji mtu! Mimi sina kaka wa kunibebea mawe!"

Watoto themanini walikuwa hoi kwa kicheko, lakini mikono yao ilikuwa inatoa madaftari.

"Moja! Mbili! Tatu! Wewe, hilo ni daftari au ni kitambaa cha deki? Nne! Tano!"

Mpaka hapo nilikuwa nimeduwaa tu. Nilikuwa nataka kujua mtoto huyu ametoka wapi, kwangu hajawahi kulala. Ukafika nane. Ukafika tisa. Halafu ukasema, "Tisa." Ukatembea kidogo. "Tisa nyingine." Ukajikuna shingo. "Na tisa nyingine." Ukageuka ukafuta ubao uliokuwa hauna kitu. "Tisa ya mwisho. Hapana, bado ipo tisa moja imebaki hapa. Kumi! Mmeona? Wote mmewahi."

Unajua mimi nilisikia nini? Mambo mawili. La kwanza, kwamba mwanangu ananicheka mbele ya watoto wa watu, kilemba changu na mguu wangu na kaka zangu. La pili, na hili ndilo lililonichoma zaidi, kwamba mwanangu hajui kuhesabu. Mtoto wangu mimi! Mimi ambaye wanunuzi wa Mombo wananiogopa, anakwama kwenye tisa!

Nikazunguka nikaingia mlangoni.

Darasa likanyamaza. Ulivua lile sweta kichwani taratibu, ukalikunja. "Shikamoo mama," ukasema, na ile sauti ikawa ya nyumbani tena. Niliiona inabadilika, kama mtu anayezima taa ya chumba kimoja na kuwasha ya kingine. Nikasema maneno ambayo ningelipa chochote kuyarudisha: "Kumbe hii ndiyo kazi ninayokuletea huku?"

Mwalimu Salome aliporudi nilimwambia amwondoe mtoto wangu kwenye ukiranja. "Kwanza hesabu hajui." Alijaribu kusema kitu, nikamwambia nina Fuso la kuwahi. Na jioni ile nilikukalisha mbele ya rundo la karoti.

"Baada ya tisa?"

"Kumi."

"Tena."

"Kumi."

"Hesabu zote."

Ukahesabu mpaka mia tatu na arobaini na mbili, bila kukosea hata moja. Kesho yake nikakurudisha tena. Wiki nzima. Hukuniambia. Mtoto wa miaka minane, unazijua zote, unaweza kusema "mama, najua," na hukusema. Kwa nini hukusema? Nimeuliza swali hilo kwa ukali miaka mingi, leo ninaliuliza kwa kutaka kujua tu.

Muhula ulipoisha nikakutana na Mwalimu Salome barabarani. Nikamuuliza unaendeleaje. Hakusimama sana.

"Hongera, Mama Zuhura. Yule wa shule sasa amekuwa kama yule wa nyumbani. Umebaki na Zuhura mmoja."

Aliniacha pale. Mwanzoni nilidhani ananisifu.

Nikueleze kitu cha ajabu. Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa kinyume chako. Nyumbani nilikuwa redio. Marehemu babu yako alikuwa ananiita kila mgeni akija, "Njoo utusimulie ya sokoni," na mimi nasimulia, wanacheka. Shuleni nilikuwa jiwe. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza jina la kijiji chetu, nikajibu kwa Kishambaa kitupu, sentensi nzima, darasa likacheka, naye akacheka. Sikufungua mdomo tena kwa miaka saba. Walikuwa wananiita bubu. Mwalimu alipokuja kumwambia babu yako, alicheka mpaka akakohoa. "Huyu? Bubu? Njoo jioni umsikie." Likaisha hapo. Hakwenda kuchungulia. Mtihani wa darasa la saba niliandika vizuri, hesabu nilizimaliza kabla ya wote, lakini jina langu halikutoka, na hakuna mtu aliyekwenda kuuliza, kwa sababu nani angemuulizia bubu?

Hilo nimelikasirikia maisha yangu yote. Hakuna aliyekuja dirishani kwangu. Na mimi nilipokuja dirishani kwako, nimekuja na macho ya aina gani? Ndiyo maana nakwambia kuchungulia peke yake hakutoshi.

Sasa Asha. Unamwona alivyo leo, mrefu, ana cherehani mbili. Mwaka ule alikuwa kidudu tu, na darasani kwenu alikuwa wa mwisho kwa kila kitu. Alikuja nyumbani Jumamosi moja.

"Shikamoo Mama Zuhura."

"Marahaba. Zuhura hayupo, nimemtuma dukani."

"Sijamfuata Zuhura. Nimekufuata wewe."

Nikaacha kuosha. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kusoma shairi.

"Naomba umruhusu Zuhura atuhesabie tena."

"Atawahesabia nini naye hajui?"

"Anajua."

"Asha, nimemsikia kwa masikio yangu. Anakwama kwenye tisa."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga, lakini ana adabu. "Hakwami, mama. Ananingoja mimi."

Nikafuta mikono kwenye kanga.

"Kalamu yangu huwa inajificha," akasema. "Zuhura akihesabu, nami namaliza. Huyu wa sasa akihesabu, kumi inafika sijaiona hata kalamu, nasimamishwa."

Nikampa karoti moja, akaondoka anaitafuna. Mimi nikarudi kwenye beseni kuhesabu nilizoosha. Nilipotea kwenye arobaini. Nikaanza upya, nikapotea kwenye kumi na tisa. Mara ya tatu nikaacha.

Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu Salome kuomba urudishiwe ukiranja. Alisema nafasi ina mtu na yule mtoto hajakosa lolote, hawezi kumwonea. Alikuwa na haki. Akaniambia, "Mwambie mwenyewe, Mama Zuhura. Ukimwambia wewe, hata bila ukiranja ataongea." Nikatoka pale nimeazimia. Njiani nikajaribu maneno. Sikupata la kuanzia. Mimi sijawahi kuombwa radhi na mtu mzima, si mama yangu, si kaka zangu, si baba yako, kwa hiyo sikujua ombi hilo linaanza na neno gani. Nikapita dukani nikakununulia viatu. Vyeusi, vya ngozi, namba mbili zaidi ya mguu wako ili vidumu. Ukasema "asante mama". Maneno mawili. Nikajiambia limekwisha.

Halikwisha. Sauti yako ilirudi polepole, nimeifuatilia, ilirudi kwanza kijitoni, halafu njiani, halafu shuleni ulipofika darasa la tano, kila mahali imerudi isipokuwa palipo na mimi. Nikitokeza inaondoka. Nimezoea kupiga kikohozi kabla sijafika, ili usishtuke, halafu nikawa napiga kikohozi mbali zaidi, na siku nyingine sipigi kabisa, nasimama tu kwenye migomba.

Tangu hapo nimekuwa mchunguzi wa watoto wa watu. Kutoka shambani kwangu naiona njia ya shule yote, mpaka ile kona yenye mkaratusi. Mwaka huu wanaopita ni ishirini na watatu. Saba kati yao hubadilika pale konani. Yupo mmoja hutoka kwao analia kama anachinjwa, mama yake anamvuta, akifika kwenye mkaratusi anajifuta kwa mkono wa sweta, anakata kona, na upande wa pili anatoka anaimba. Kila siku. Mama yake anarudi nyumbani na moyo mzito na yule anaimba! Yupo mwingine huteremka kwao anaruka, anaongea na mbuzi, anaongea na mawe, akifika konani anaacha kuruka, anavuta soksi, anaingia shuleni kama mzee anayekwenda msibani. Yupo kaka anayempiga mdogo wake hadi konani, kisha anamshika mkono. Jioni wakirudi wanabadilika tena, palepale. Siku moja niliacha jembe nikaenda kusimama chini ya ule mkaratusi nione kuna nini. Hakuna kitu. Kuna upepo. Ukisimama pale nyumbani hawakuoni, na shuleni hawajakuona bado. Ni kama hatua thelathini na tano hivi ambazo mtoto si wa mtu yeyote.

Zamani ningesema kati ya wale wawili mmoja ni wa kweli na mwingine anaigiza. Ndivyo nilivyokuhesabu wewe. Sasa sijui. Yule anayelia nyumbani, labda anakwenda kulia kwa mama kwa sababu ndipo kilio kinapopokelewa. Yule anayeongea na mbuzi, sijui anaogopa nini kule, ningependa mtu aniambie. Na wewe uliyekuwa kimya kwangu, ulikuwa unaogopa kumi? Au ulikuwa unaniona nimechoka, ukaona ukinyamaza ni mzigo mmoja umepungua? Nimeyaweka mawili haya kwenye mzani usiku na mchana na kila siku unalala upande tofauti.

Keshokutwa utakuwa na darasa la awali, watoto ambao hata hujui watakuwa wangapi, na mama zao watakuja mlangoni. Mmoja atakwambia, "Mwanangu mpole mno, mwalimu, haongei," na wewe utakuwa na jini mle ndani anayepanda madirisha. Mwingine utamwambia mwanao ana adabu sana, atakutazama kama nilivyomtazama Mwalimu Salome, kwa sababu nyumbani mtoto huyo amevunja kila kikombe. Sina la kukufundisha juu yao, wewe ndiye uliyesomea. Ninakuomba tu usimwambie mama yeyote barabarani, ukiwa unapita, kama mimi nilivyoambiwa sokoni. Mkalishe. Na kama ni mkali, kama anakwambia ana gari la kuwahi, mkalishe hata hivyo. Mwambie mtoto wake anapokaa kimya anafanya nini, na anapocheka anacheka nini. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumkalisha.

Nimeona moshi jikoni kwa Asha, maana yake jua limekwenda, na wewe utakuwa kwenye bodaboda unarudi. Barua hii nitaiweka ndani ya blanketi la pili. Hutalifungua mpaka uone baridi, na kwa huko, kwa nilivyouliza, itachukua siku kadhaa. Nimepiga hesabu kwamba ukiisoma utakuwa mbali kiasi cha kutoweza kuniamkia na kunyamaza.

Zuhura, nilikukosea. Nilikutoa mbele ya ubao ukiwa unafanya jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na nikakurudisha kwenye karoti. Naona ndivyo ombi la radhi linavyoanza, kumbe. Lilikuwa linaanza na jina lako tu.

Na sasa swali langu, ndilo nililoandikia kurasa zote hizi. Sauti uliipata kwangu, nimeisikia. Kilemba kwangu, mkono kiunoni kwangu, mguu kwangu, moja mpaka tisa zote ni zangu. Lakini ile tisa nyingine uliitoa wapi? Kwangu haikuwepo. Nimetafuta nyumba nzima. Kwangu baada ya tisa ilikuwa kumi siku zote. Nani alikufundisha kwamba mtu akichelewa, tisa zinaweza kuongezwa?

Nipigie unijibu. Na uniambie yai lile alilichukua nani. Uniambie kwa ile sauti ya kijitoni. Mimi huenda nisijue la kujibu, unanijua, huenda ukasikia kimya. Usikate simu. Nitakuwa nipo palepale, natafuta kalamu yangu. Nihesabie taratibu.

Mama yako